Kimo cha Timu

Kocha alimpima msichana mgeni mara tatu kwa tepu, mlangoni mwa stoo ya mipira, na mara zote tatu akapata sentimita mia moja themanini na nane. Akaandika kwenye daftari, akapuliza wino ukauke, akasema shule imepata bahati. Kisha akampa jezi namba kumi na nne, ambayo iliishia juu ya kitovu.

Msichana alisema kwa adabu kwamba jezi ni ndogo.

"Hapa jezi haibadilishwi," Kocha alisema. "Utazoea."

Kule alikotoka walimwita Ngazi, kwa sababu walimtumia kubadilisha balbu za bweni zima. Aliihama shule ile kwa jambo moja tu. Mwisho wa muhula, wateuzi wa timu ya taifa ya vijana ya mpira wa kikapu wangekuja kutazama mechi katika shule hii mpya, na Kocha alikuwa amemwahidi mama yake kwamba binti ataonekana. Mama, fundi cherehani, aliipima ahadi ile kwa jicho kama anavyopima kitambaa, akaona inatosha. Alishusha pindo la sketi mpaka likaisha, akaungia kipande cha rangi inayokaribiana, akamsindikiza. Mdogo wake Ngazi, ambaye naye alishaanza kurefuka, alimbebea begi.

Siku ya kwanza ya mazoezi Ngazi aligundua kwamba wachezaji wote walikuwa na kimo kimoja, sentimita mia moja sitini na tatu, kama chupa za soda kwenye kreti. Hicho kilikuwa kimo cha nahodha. Nahodha alikuwa binti wa mwenyekiti wa bodi ya shule, msichana mpole mwenye viatu vizuri na shabaha ya wastani. Sheria ya timu haikuandikwa popote, kwa kuwa kila mtu aliijua: mpira unaishia kwa nahodha. Picha za timu za miaka saba zilining'inia ofisini kwa mkuu wa shule. Mpiga picha alizisifu kwamba hazikuwahi kumsumbua, vichwa vyote viko mstari mmoja.

Watatu kati yao walikuwa wahamiaji kama yeye. Mmoja wao, aliyelala kitanda cha chini yake, alimweleza mambo yalivyo.

"Ukimpa nahodha pasi wakati ungeweza kufunga mwenyewe, unapungua nusu sentimita. Haiumi. Ila usinunue viatu vipya."

Ngazi aliuliza kama hakuna aliyewahi kulalamika. Mwenzake alisema yupo mmoja, alipelekwa kwa muuguzi wa shule, akapewa dawa ya minyoo.

Basi akaanza kuzoea. Wiki ya kwanza miguu yake iliacha kutokeza nje ya kitanda, na matroni akashukuru, maana ilikuwa inamkwaza akipita kukagua. Wiki ya nne jezi ilifika kiunoni. Mpishi, mwalimu wa hesabu na mlinzi wa getini wote walimuuliza kama ameshazoea, naye aliwajibu kwamba anaendelea, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Mbele ya jina lake Kocha aliandika: nidhamu inaridhisha.

Tusimwonee, alijaribu. Katika mechi ya tano walikuwa nyuma kwa pointi saba, na nahodha alikuwa pembeni anafunga kamba za viatu, kazi aliyoifanya kwa utulivu mkubwa. Ngazi akafunga vikapu sita vya peke yake. Walishinda, naye akarudishiwa sentimita tatu palepale uwanjani, jezi ikapanda watu wakiona. Kocha alimweka benchi mechi tatu kwa kosa la ubinafsi, akamkumbusha kwamba hapa wanacheza kama timu. Wakafungwa zote tatu, kama timu.

Pale benchi alipiga hesabu. Akitoa pasi, anapungua. Asipotoa, anakaa benchi, na mteuzi haji kutazama watu waliokaa. Zilibaki mechi nne. Alikuwa hodari wa hesabu, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu kila alivyozipanga zilimpa jibu lile lile. Aliporudi uwanjani alitoa pasi.

"Hivi zamani hukuwa mrefu wewe?" nahodha alimuuliza siku moja wakinawa.

"Nilikuwa."

"Ulikuwa unanitisha kidogo," nahodha alisema, akampa taulo lake ajifute. "Siku hizi tunaelewana."

Wateuzi walikuja siku ya Alhamisi, wawili. Mkubwa wao alikuwa mama mwenye miwani na fomu mkononi. Nahodha alifunga pointi thelathini na moja, na nyingi kati ya hizo zilitoka mikononi mwa Ngazi. Ilipobaki dakika moja, Ngazi alipata mpira chini ya kikapu, peke yake. Nahodha alikuwa ameinua mkono. Ngazi aliuona mkono ule, akageuka, akarusha mwenyewe. Mpira uligonga ringi kwa chini ukarudi miguuni pake. Mikono yake ilikuwa bado inarusha kwa mazoea ya yule msichana mrefu.

Baada ya mechi mama mwenye miwani aliuliza yuko wapi huyu wa mia moja themanini na nane. Kocha akamwonyesha. Mama yule alitazama fomu, akamtazama Ngazi, akarudi kwenye fomu, iliyojazwa kwa mwandiko wa Kocha.

"Binti, kudanganya kimo kwenye fomu ya taifa ni kosa."

Kocha alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema watoto wa siku hizi. Aliyeteuliwa timu ya taifa ni nahodha. Ngazi alisamehewa kwa kuwa ni kosa la kwanza, na shule ikamrudisha kwao, kwani wachezaji wa kimo chake inao wa kutosha.

Nyumbani kwao mlango ulikuwa mfupi, na mama alikuwa amepigilia sponji kwenye fremu ya juu, kwa ajili ya paji la uso la mwanawe. Kwa miaka mitatu, kila Ngazi akiingia, sponji ilisema pu, na mama akasema pole bila kuinua macho kwenye cherehani. Siku hiyo sponji haikusema kitu.

"Karibu," mama alisema, akiendelea kushona. "Nguo yako Jumatatu."

Ngazi aliweka begi chini. Akainua macho, akamwona, akampima kwa jicho mara moja tu.

"Sitini na tatu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Ngazi alilia, kilio cha kweli cha mtu aliyeibiwa. Mama alimwacha alie mpaka amalize, kisha akachukua ile sketi, akafumua kile kipande cha kuungia, akakunja pindo upya. Kipande alikiweka akiba. Sponji aliiacha palepale.

Jumamosi iliyofuata Kocha alibisha hodi, akasalimia vizuri, akatoa tepu mfukoni. Alieleza kwamba timu imepungukiwa kimo, hata yeye haelewi kwa nini, na kwamba amesikia hapa kuna mdogo mtu. Ngazi alikuwa ameshamnong'oneza mdogo wake akunje magoti ndani ya sketi ndefu. Akaingia hivyo, mfupi, bila kugusa sponji. Kocha alimpima, akapata mia moja sitini na mbili. Akaitazama sketi, akafikiri, akaandika mia moja themanini na moja.

"Nimeongeza magoti," alisema.

Mama alimwambia kwamba mtoto haendi. Kocha alisema hakuna haraka, wateuzi wanarudi mwakani, na akaiweka jezi namba kumi na nne juu ya cherehani, imefuliwa na kupigwa pasi. Alipofika mlangoni akamuuliza Ngazi kama ameshazoea tena nyumbani. Ngazi alifunga mlango.

"Ameondoka," alimwambia mdogo wake. "Nyooka."

Mdogo wake alikuwa ameshika ile jezi, ameiweka kifuani, anaangalia inaishia wapi. Magoti yalikuwa bado yamekunjwa.

"Niache kidogo, dada," alisema. "Nazoea."