Kuipita Bendera

Klabu yetu ya jogging pale Tandika ina sheria ambayo sijawahi kuiona imeandikwa mahali: bendera haipitwi. Anayeishika anakaa mbele peke yake, nyuma yake wanaume, katikati wanawake, halafu wanaume wengine wa kufunga msafara. Tunatoka Jumamosi asubuhi kabla jua halijachoma. Kepteni Twaha anaanzisha wimbo, sie tunaitikia, na miguu inafuata wimbo. Ukishindwa kuitikia maana yake umechoka, na mmoja akichoka msafara wote unapunguza mwendo mpaka sauti yake irudi. Watu wanatoka milangoni na miswaki mdomoni kututazama. Ni raha, sikatai.

Mie nilikuwa naitikia kuliko wote. Naitwa Chausiku, nauza chai na chapati Kurasini, karibu na yadi za makontena. Nilipojiunga na klabu, kufika kona ya kwanza tu nilikuwa naona nyota. Baada ya miezi michache nikawa nakimbia njia nzima na sauti yangu inasikika mpaka nyuma. Nikanogewa. Nikaanza kuitaka nafasi ya Vaileth.

Kila mwaka kuna bonanza. Zinakuja klabu za Mbagala, Buguruni, Kigamboni, watu wanavuta kamba, wanakimbia ndani ya magunia, wanakimbiza kuku. Lakini mbio ndefu ya wanawake ndiyo inayozungumzwa mwaka mzima. Klabu moja inatoa mwanamke mmoja, na kwetu alikuwa Vaileth, karani wa kampuni moja ya forodha, mrefu, miguu kama ya korongo. Sina sababu nzuri ya kueleza kwa nini niliitaka ile nafasi. Niliitaka tu, kama mtu mwenye njaa anavyotaka samaki wa jirani akisikia anakaangwa.

Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunapimana. Tukifika Mtoni Bi Farida, mwenyekiti wetu, anayetufuata na bodaboda, anapuliza filimbi, nyimbo zinakatika, na kuanzia hapo mpaka uwanja wa shule ni kila mtu na mguu wake. Mie nikiingia getini, Vaileth ameshavua viatu.

"Chausiku, pole na safari," ananiambia. "Siku nyingine ukikaribia tuma meseji, tukuwekee chakula."

Watu wanacheka, nami nacheka, maana mtu akichekwa halafu akanuna ndiyo anachekwa vizuri. Lakini nilikuwa nahesabu moyoni. Mwezi ule ameshavua viatu. Mwezi uliofuata ameshavua viatu. Nikaanza kuamka siku za kazi nakimbia peke yangu njia ileile, kutoka Tandika mpaka Mtoni na kurudi. Nikaacha vitumbua. Mwisho wa mwezi nikakimbia mpaka nikatapika getini, na Vaileth alikuwa ameshavua viatu.

Mwili wangu ulikuwa umegoma. Sio kwamba ulikuwa unauma. Ulikuwa umetulia, kama punda aliyefika anapopajua, anasimama tu.

Pale kwenye chai yangu alikuwa anakuja Fakihi, anayefundisha vijana ngumi kwenye uwanja mdogo nyuma ya mafundi wa kuchomelea. Mdomo wake mbaya lakini macho yake yanaona. Siku moja nikamwambia mwili umegoma, nifanyeje.

"Nyie sio wakimbiaji," akasema, anachovya chapati. "Nyie ni harusi iliyopotea njia."

"Sikukuuliza klabu. Nimekuuliza mie."

"Unakimbia unaimba?"

"Ndiyo."

"Wimbo wote, mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, na vigelegele napiga."

"Basi wewe huchoki. Mwili wako umeshaijua kazi, unaifanya huku umelala. Ukiuongezea kazi ileile, unaongeza usingizi." Akafuta mikono. "Kesho njoo uwanjani. Ila mie simbembelezi mtu. Ukilia, lilia nyumbani."

Kesho yake sikukimbia kabisa. Alinipa kamba niruke na vijana wa ngumi, na mie niliyekuwa najiona mwamba, nikajifunga miguu mbele za watoto wa watu. Siku iliyofuata akanivusha daraja mpaka Kigamboni, nikakimbia kwenye mchanga mkavu unaomeza mguu mpaka kwenye kifundo. Siku nyingine ikawa nguzo za umeme: nguzo hii mpaka ile nakimbia kama nimeiba, nguzo inayofuata natembea, tena nakimbia, tena natembea. Kuna siku nilibeba mfuko wa mchanga begani nikachuchumaa na kuinuka mpaka mapaja yakawa yanacheza yenyewe. Na kuna siku alinikataza kufanya chochote, hata kutembea haraka. Hiyo ndiyo iliyonishinda kuliko zote, nikawa nazunguka jiko la chai kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tatizo langu kubwa yeye ndiye aliyeliona. Hata kule mchangani, peke yangu, mdomo umefungwa, miguu yangu ilikuwa inakwenda na wimbo wa klabu. Alisimama pembeni akasikiliza hatua zangu, halafu akaanza kuuimba. Nikashtuka kama mtu aliyekutwa anaongea peke yake.

"Unaona? Twaha yupo ndani ya magoti yako. Tumtoe."

Akawa ananipigia makofi yasiyo na mpango: haraka, taratibu, haraka, kimya, haraka tena, na mguu ufuate kofi. Mwanzo nilijikwaa kama mlevi. Nikishazoea zoezi, Fakihi ananitazama usoni.

"Umeanza kupiga stori. Ukiweza kupiga stori, zoezi limekufa. Tubadilishe."

Mwezi wa kwanza nikawa mbaya kuliko zamani. Niliingia getini Vaileth sio tu amevua viatu, ameshavaa na ndala. Nikamfuata Fakihi kwa hasira.

"Umeniharibu!"

"Mwili umeamshwa usingizini, unataka uamke unacheka? Rudi kazini. Au rudi kwenye harusi, mie sikukamati mkono."

Nilirudi uwanjani. Sikurudi kwa kumwamini sana. Nilirudi kwa sababu ile njia nyingine nilikuwa naijua inapoishia.

Maneno yakaanza mtaani. Kwamba Chausiku siku hizi anashinda na wanaume wa ngumi. Kwamba Chausiku amekuwa staa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata Kepteni Twaha akanisimamisha mbele ya watu kabla hatujatoka. Ni mtu mzima, ameilea ile klabu tangu ikiwa na watu wachache wa mtaa mmoja, na bendera ameishika yeye miaka yote.

"Dada Chausiku, mazoezi ya klabu hayakutoshi?"

"Kaka Twaha, Jumamosi si nipo?"

"Upo, ila huimbi. Wiki iliyopita nimesikiliza, huimbi."

"Napumua."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Anayeona klabu imekuwa ndogo, milango ipo," akasema, akainua bendera.

Siku ile nilikimbia katikati ya wanawake kama kawaida, mdomo wazi lakini kwa kupumua tu. Na kwa kuwa sikuimba, nilipata nafasi ya kutazama. Ndipo nikaona kitu ambacho nilikuwa nakitazama siku zote bila kukiona. Filimbi ilipolia Mtoni, wanaume walichomoka, halafu wote wakajibana nyuma ya Twaha. Vijana wa miaka ishirini, vifua kama milango, wanakimbia kwa hatua fupi fupi ili wasiipite bendera. Vaileth naye akaenda akajibana mgongoni mwao, akakaa pale mpaka uwanjani. Twaha goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Na mwendo wa lile goti ndio uliokuwa mwendo wa mwisho wa klabu nzima.

Sasa nikaelewa bonanza. Kila mwaka Vaileth anatuongoza sisi, halafu akifika kule mwanamke wa Mbagala anamwacha kama amefungwa kwenye mti, na sie tunarudi nyumbani tunasema Mbagala wana dawa. Hakuna dawa. Mbagala hawana goti la Twaha mbele yao.

Wiki mbili kabla ya bonanza Bi Farida akatutangazia wanawake: mwisho wa mwezi huu atakayetangulia ndiye anayekimbia, asitafutwe mchawi.

Jumamosi yenyewe tulitoka vizuri, nyimbo zikapigwa mpaka Mtoni. Filimbi ikalia. Sikuondoka kwa pupa. Nilifanya kama nguzo za umeme: nikachomoka, nikashusha, nikachomoka tena, nawapita wanawake mmoja mmoja. Vaileth nilimkuta anajipanga nyuma ya wanaume. Akageuka, akaniona, macho yakamtoka.

"We! Umetokea wapi?"

Pumzi yangu ilikuwa na kazi nyingine. Nikapita pembeni ya wanaume, mchangani, pale ambapo wenyewe hawapapendi kwa sababu pazito. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Sista, mbele kuna bendera hiyo!" kama vile ananionya kuna shimo.

Nikafika nyuma ya Twaha. Jasho limemlowesha mgongo, bendera inampiga begani. Nilimsikia Vaileth nyuma yangu, naye ameamua, anakuja. Nikipunguza kwa heshima ya bendera, ananifikia, tunaingia wote getini, na nafasi inabaki kwa mwenyewe. Kwa desturi yetu kukimbia mbele ya bendera ni kama kwenda kukaa kwenye kiti cha bwana harusi. Nilijua kabisa. Sikujisahau, na sikusukumwa na mtu.

Nikampita.

"Chausiku! Wewe Chausiku! Rudi nyuma!"

Barabara ilikuwa tupu mbele yangu. Sijawahi kuiona ile barabara bila mgongo wa mtu. Nikamimina kila kilichokuwa kimebaki, miguu inakwenda inavyotaka, hakuna wimbo ndani yake, na nikaingia getini peke yangu. Nikasimama mikono kiunoni. Sikukaa chini. Nilitaka wanikute nimesimama.

Akaingia Twaha, wakaingia wanaume, akaingia Vaileth. Hakuna aliyepiga makofi. Twaha akaikita bendera mchangani, akamgeukia Bi Farida.

"Mwenyekiti, umeona. Huyu amefutwa. Nafasi ni ya Vaileth."

Bi Farida ni mama wa taratibu, anaongea kama anachambua mchele. "Twaha, nikuulize. Ulikuwa unakimbia kwa nguvu zako, au ulikuwa unamsubiri mtu?"

"Nilikuwa nakimbia."

"Basi amekupita."

"Ameipita bendera! Klabu bila adabu ni genge. Aombe radhi hapa hapa, mbele ya watu. Akiomba, akimbie, sina kinyongo."

Wote wakanitazama. Bi Farida akanisogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, ni neno moja tu. Liseme, uchukue nafasi yako."

Neno lenyewe lilikuwa jepesi. Twaha namheshimu, shikamoo yake sijawahi kumnyima. Na nafasi niliitaka mpaka nilikuwa naiota. Nilifungua mdomo, na hata mie sikuwa na uhakika nini kitatoka.

"Siombi."

"Hata kwa nafasi?"

"Hata kwa nafasi. Nikiomba leo, mwisho wa mwezi ujao itabidi niombe tena, maana nitaipita tena. Kaka Twaha, shikamoo. Bendera sijaitukana. Kama haitakiwi kupitwa, basi ikimbie."

Mtu mmoja nyuma akasema "Uwii!" Twaha alikuwa anapumua kwa pua. Bi Farida akatikisa kichwa, akamgeukia Vaileth.

"Haya, mama. Utakimbia wewe."

Vaileth alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu. Akaziacha.

"Nikimbie nini, Bi Farida? Miaka yote hii nakaa nyuma ya kaka Twaha najiona bingwa, nikienda bonanza Mbagala wananifanya mtoto mdogo. Leo nimemkimbiza huyu kwa nguvu zangu zote na sikuona hata kisigino chake. Sikimbii kwenye nafasi ya mtu. Mpelekeni yeye, au pelekeni bendera ikakimbie."

Hapo vijana wakashindwa kuvumilia, wakaangua kicheko, na mmoja wa wale wenye vifua akasema na yeye mwezi ujao anataka kujua mwendo wake, maana haujui. Twaha akaing'oa bendera mchangani.

"Basi bonanza mtafute mwingine wa kuishika."

"Hakuna aliyekunyang'anya," Bi Farida akamwambia. "Utaishika, kwenye nyimbo. Filimbi ikilia, ukae nayo pembeni watu wapite." Halafu akanigeukia mie, sasa sauti yake ni ya kazi. "Chausiku nani? Wa bonanza wanataka majina mawili."

"Chausiku Shomari."

Twaha akaondoka bila kuaga, bendera begani, anachechemea kidogo. Nilimtazama mpaka akakata kona, na kweli moyo uliniuma. Lakini sikumwita.

Vaileth akaja akasimama karibu yangu, tunatazama wote upande mmoja.

"Huyo mtu wako wa ngumi," akasema, "anachukua na makarani?"

"Anachukua. Anatukana lakini."

"Mie natukanwa kazini kila siku."

"Jumatatu tuko mchangani. Uje mapema, na ujue sitakusubiri."

"Nani kakwambia nataka kusubiriwa?"