Ndiva Isiyo na Mlango

Mzee Elifasi aliposhuka kutoka Mamba kuja kuishi kwa mwanawe hapa Same mjini, hakuleta tangawizi wala ndizi. Alileta majivuno. Hata begi hajalifungua vizuri, akaanza kuchimba ndiva uani. Kule mlimani bwawa hilo la kumwagilia huchimbwa na ukoo mzima. Yeye alilichimba peke yake nyuma ya jiko, akalisakafia kwa saruji, akalijaza maji. Wageni wakija, anawazungusha hapo kama anayeonyesha kanisa alilolijenga.

Koleta, mke wa mwanawe, alikuwa mjamzito, na malaria ilikuwa imemlaza hospitali juzi tu. Daktari alimwambia wazi: ikimrudia, mtoto yuko hatarini. Tangu siku hiyo, kila akipita kando ya bwawa anawaona viluwiluwi wa mbu wakijipindapinda majini, wamenona kuliko kuku wa nyumba ile.

Mzee naye alipigana na mbu, tena kwa makelele. Alichoma mavi ya ng'ombe sebuleni mpaka nyumba nzima ikakohoa. Alifyeka majani ya jirani bila kuombwa. Kote aliwasaka mbu, isipokuwa pale alipowafuga.

"Shikamoo, Baba," Koleta alimwambia asubuhi moja. "Mbu wanatoka kwenye ndiva."

"Marahaba, mkwe. Mimi nimekulia kando ya ndiva. Nani Mamba aliugua kwa ajili yake?"

"Mamba kuna baridi. Hapa hata mawe yanatoka jasho. Halafu ndiva ya kwetu hujaa usiku, asubuhi inafunguliwa, maji yanakwenda mashambani. Hii yako mlango wake uko wapi?"

"Niifungue yaende wapi? Sina shamba hapa."

"Sasa ulichimba ya nini?"

Mzee alilitazama bwawa lake. "Ya kuwa nayo," akasema.

Fredrick, mume wa Koleta, alikuwa ameinamia simu kama vile ndani yake mna pango la kujificha.

"Sawa," Koleta akasema. "Kesho napanda Mamba, nitajifungulia kwa mama. Wakiniuliza nimekimbia nini, nitawaambia nimekimbia ndiva ya Mzee Elifasi, inayofuga mbu."

Hapo mzee akashtuka. Ugonjwa wa mkwewe haukumtikisa, ila kuchekwa huko kwao Mamba, hilo hakuliweza. Alichukua mtaimbo, akatoboa ukuta wa bwawa kwenye mteremko, huku akimwambia kila apitaye barabarani kwamba anatengeneza mlango, alikuwa amekusudia tangu mwanzo. Maji yakatoka na uchafu wake, yakanywewa na vumbi.

Koleta hakubisha. Alisimama palepale, mkono tumboni, akiwatazama viluwiluwi wakikauka juani.

"Baba, nikusaidie?" Fredrick aliuliza, kazi ikiwa imekwisha.

"Wewe weka simu chini," Koleta akamwambia. "Nyuma ya banda la kuku kuna matairi mawili na ndoo mbovu, vyote vina maji. Au navyo unataka kuwa navyo?"