Jina la Daftarini

Kwa miaka kumi na minne mkono wa kulia wa maman Bibiane ulichambua kahawa katika ghala letu la Muhumba, na punje mbovu haikuuponyoka. Wenzake walimtania kwamba vidole vyake vina macho. Mimi, mlinzi wa lango, nilimsalimu kila asubuhi, naye hakukosa la kunijibu: "Jambo, papa Mushagalusa. Ungali na sura ya kitanda?"

Kahawa ilipozidi kupotea, wakubwa wakatupa sisi walinzi fimbo za umeme. Karatasi ya masharti ikabandikwa kibandani: usiguse kichwa wala kifua, usimguse aliyelowa, kabla ya kugusa, mwite mtu mara tatu kwa jina lake la daftarini. Nilifurahi, sifichi. Niliona masharti yale yatatukinga sote.

Jioni moja wanawake wakingoja kukaguliwa, Bibiane aliupita mstari akashika njia haraka, kifurushi kiunoni. Mkuu wetu, citoyen Amuri, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana siku hizo, alikuwa kando yangu.

"Unaangalia nini? Muite!"

Jina lake lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku nchini, na daftarini aliandikwa Nsimire, jina alilopachikwa na karani siku ya kugawa vitambulisho. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Nililijua hilo vizuri, ila nilimwogopa Amuri.

"Citoyenne Nsimire!" Nikaita tena, na tena. Wanawake walikuwa wengi barabarani, hakugeuka. Nikamkimbilia, nikamgusa kwa fimbo mkono wa kulia, palepale masharti yaliporuhusu. Alianguka bila kupiga kelele. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mihogo miwili na vidonge vya mjukuu wake mwenye homa.

Wakubwa walichunguza siku tatu, wakaniona sina kosa. Amuri alinipa mkono mbele ya watu. Bibiane naye vidole vyake havikuzijua tena punje, wakamwachisha kazi. Niliona haya hata kulisimamia lile lango.

Jumapili moja nikapanda hadi Kadutu, mtaa alioishi, nikasimama nje ya kwake. Alikuwa amenipa mgongo.

"Maman Bibiane!"

Mara moja tu. Akageuka papo hapo.

"Papa Mushagalusa," akasema taratibu. "Sauti yako, naijuaka hata mu soko. Juu ya nini ile siku haukuniita?"

Mapajani alikuwa na ungo wa maharage. Mkono wa kushoto ulikuwa ukitoa mawe, na maharage mazima yakianguka nayo. Mkono wa kulia ulilala kando, kama kitu cha mtu mwingine. Nikakaa chini, machozi yakinitoka, nikauvuta ungo na kuanza kuchambua.

Hakunizuia. Akanyoosha kidole cha ule mkono mzima.

"Ile iko mubaya," akasema. "Na ile. Umeipita."