Jani kwenye Waya za Plagi

Mimi Rajabu ni mtu wa hasira, na wahenga walisema hasira hasara. Mwezi mzima gereji yangu hapa karibu na stesheni ya Moshi imekuwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Tulikuwa wawili. Elisaria wa Mwika, kule mlimani, alikuwa fundi wa injini, mimi fundi wa umeme, miaka tisa benchi moja. Yeye ndiye aliyeifufua injini ya gari la mwaka 1927, mali ya mkulima mmoja aliyelikuta bandani kuku wakitagia ndani yake. Alisaga valvu, akatia ringi mpya, akaifunga juu ya magogo katikati ya gereji tuijaribu kabla ya kuirudisha garini. Siku ya kufunga waya, koili, ile inayokuza umeme wa plagi, ikapotea. Nikamwita Elisaria mwizi mbele ya wateja. Akanizaba kofi, akaondoka na boksi la plagi mkononi. Jioni niliiona koili, imelala chini ya koti langu mwenyewe.

Ningepanda Mwika kesho yake kumwomba radhi. Sikupanda. Nilijiambia aliyepiga kofi ndiye atangulie, na kila asubuhi nilitega sikio nisikie baiskeli yake mlangoni.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja mzee kutoka mlimani, Kiswahili chake kidogo. Nikampa shikamoo. Akasema, "Elisaria," akanikabidhi kwa mikono miwili lile boksi la plagi. Lilikuwa limefungwa kwa jani refu la kijani, limepigwa fundo. Nikashukuru, nikafungua fundo, nikatazama ndani. Plagi zote nne zilikuwamo. Moyo uliniuma, kwa maana anayerudisha vifaa ameshaaga kazi. Yule mama akabaki amesimama, ananitazama usoni. Nikamletea chai, hakuinywa. Mwisho akaondoka, nami nikasema moyoni, hawa watu wa mlimani nao wana makuu.

Wiki tatu zilipita ndipo nikapata moyo wa kuzifunga waya peke yangu. Kutoka betri hadi swichi, kutoka swichi hadi koili, kutoka koili hadi distributa inayogawa umeme, halafu zile waya nene za plagi kwa mpangilio wa kuwaka: moja, tatu, nne, mbili. Zilikuwa zinaelekea kugusa bomba la moshi, litakalopata moto. Nikaliokota lile jani dirishani nilikoliacha, bado gumu kama mkanda, nikazifunga nalo pamoja na kuzivuta kando.

Kuwasha injini iliyoundwa upya ni kazi ya watu wawili. Elisaria alikuwa akizungusha hendeli, mimi nimeshika distributa naisogeza kidogo kidogo huku nasikiliza. Sasa nilizungusha, injini ikapiga chafya, nikakimbia kusogeza distributa, nikarudi kwenye hendeli. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mara ya kumi na moja hendeli ilinirudi ikanigonga kiwiko, nikaitukana injini matusi ya Pangani nilikozaliwa. Mara ya kumi na mbili ikawaka.

Ikawaka, jamani! Ikakohoa, ikatulia, ikaanza kunguruma sawasawa. Nikageuka nikapaza sauti, "Umesikia, Elisaria?"

Kulikuwa na benchi na koti langu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mlio ulimvuta Eunike, mama muuza ndizi kutoka Mwika anayepita kwangu kila siku ya soko. "Shikamoo, fundi. Imewaka!"

"Marahaba, mama. Imewaka."

Akasogea kuitazama, kisha akatua kikapu chake chini taratibu. Alikuwa anaangalia waya, pale jani lilipoanza kuungua pembeni.

"Fundi, hili nani alikuletea?"

"Lilifungia plagi za Elisaria. Kuna mama mzee alileta."

"Ni isale hilo! Mtu akikukosea, anakutumia isale limefungwa fundo. Ukiletewa, unasamehe, hata kama alikuulia ndugu. Hakuna anayekataa."

"Mimi sikukataa. Mimi sikujua!"

"Yule ni shangazi yake. Alingoja useme neno. Mwika nzima inasema fundi wa mjini alipokea isale akampa mgongo. Elisaria hataki hata kusikia jina lako."

Miaka kumi na nne nimekaa Moshi, mlima nauona kila asubuhi nikifungua mlango, na kumbe sijui hata jani lake moja. Nikamwambia Eunike nitapanda sasa hivi, nitachuma isale njiani, nitampelekea mwenyewe.

"Hapana, fundi. Mwenyewe hapeleki. Anatumwa mtu."

"Basi nenda wewe, mama yangu."

Akatikisa kichwa, na niliona ananihurumia. "Mimi nakuuzia ndizi tu. Anayetumwa ni mtu anayekujua, awezaye kusimama mbele ya wenzake aseme, huyu moyo wake naujua. Huna mtu wa hivyo hapa mjini?"

Niliwafikiria jirani zangu wa mtaa wa Soweto, nikawafikiria wenzangu wa msikitini, nikawafikiria wateja. Wote wanajua hasira yangu. Anayeujua moyo wangu alikuwa mmoja.

"Ninaye," nikamwambia Eunike. "Yuko Mwika."

Kisha nikazima swichi, nikaanza kulifungua jani nipande nalo.