Barua ya Mwaka 2017

Barua iliingia kwenye simu ya Wamucii mwaka 2025, lakini tarehe yake ilikuwa ya 2017. Mumewe, Kahiga, aliisoma mara mbili.

"Mama Tabby, hawa ni wakora," alisema. "Ati utapokewa stendi ya Moyale, upande wa Ethiopia, 2:00 asubuhi. Nani anapokea mgeni saa nane za usiku?"

Wamucii alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa Endarasha wanaokuza mbegu za viazi. Aliyemwalika ni Tigist, mkulima Mwethiopia waliyejuana naye kwenye mafunzo mjini Nyeri, ili akaone jinsi wanavyohifadhi mbegu kwao. Alitamani sana kwenda. Lakini maneno ya Kahiga yalimkaa rohoni kama mwiba.

Alipanda gari hadi Nanyuki kwa Rowda, muuza nguo anayeleta mali kutoka Moyale.

"Lete pasipoti nione," Rowda alisema.

Wamucii aliukumbatia mkoba. "Ya nini?"

"Nione kama iko na miezi sita mbele. Viza huhitaji, wewe ni Mkenya. Lakini uchanjwe homa ya manjano siku kumi kabla ya safari, upewe kadi."

"Na hiyo saa nane ya usiku?"

"Si usiku, mama. Huko saa zinahesabiwa kama kwa Kiswahili. Jua likitoka wanaanza moja. Hiyo ni saa mbili asubuhi. Na kalenda yao iko nyuma miaka saba, wakati mwingine nane."

Wamucii hakuridhika. Huyu mama alikuwa na jibu la kila kitu, kama mtu aliyejiandaa. Akampigia Tigist simu ya video papo hapo.

"Nionyeshe saa ya ukutani."

Tigist aligeuza simu. Mishale ilionyesha 4:20. Simu ya Wamucii iliandika 10:20.

"Na kule Nyeri, nani alitumbukia kwenye shimo la mbolea?"

"Wewe!" Tigist aliangua kicheko.

Wamucii akachanjwa, akajiandaa. Rowda alipojitolea kumsindikiza hadi mpakani, Wamucii alikataa. Safari nzima hakumwambia mtu anakokwenda.

Asubuhi ya siku yenyewe alivuka mpaka mapema, kadi yake ikakaguliwa, akapita. Lakini hakuingia stendi. Alijibanza nyuma ya kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, aone Tigist atakuja na nani.

Saa mbili kamili Tigist alitokea peke yake, amebeba birika la kahawa na vikombe viwili. Akaketi kwenye benchi. Kila mwanamke mwenye mzigo alipopita, aliinuka akamtazama usoni, kisha akaketi tena. Saa tatu ikapita. Jua likamfikia pale alipokaa, akajifunika shuka kichwani. Hakuna mwanamume aliyemsogelea, hakuna gari lililosimama. Karibu saa nne alijifuta macho kwa pindo la shuka.

Ndipo Wamucii akavuka barabara.

"Nilidhani umeogopa, hukuja," Tigist alisema, akimkumbatia kwa nguvu.

"Walinichelewesha mpakani," Wamucii alijibu, na uso ukamwaka kwa aibu.

Tigist alimpa pole, akammiminia kahawa. Ilikuwa imepoa. Wamucii akainywa yote, akaomba nyingine.