Maranda ya Simbilisi

"Haya ni ya mti gani, mama?"

Yule dada alikuwa amechota maranda kwa kiganja na kuyapeleka puani, kama mtu anayechagua mchele wa sikukuu. Emerensiana akaacha kufagia. Miaka kumi na moja alikuwa akifagia karakana ya seremala Mathias pale mtaa wa Lizaboni, na maranda yote yaliyoanguka chini ya randa yalikuwa haki yake kuyauza. Watu waliyachukua wakatandike kwenye mabanda ya kuku, wawashie jiko, wafutie oili gereji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuyanusa.

"Ya paini, mwanangu."

"Hayajachanganyika na mninga?"

Mashine ya randa ikazimwa. Mathias akatokea nyuma yake, penseli sikioni, vumbi kwenye nyusi, akasimama kati ya mgeni na turubai la bluu lililofunika rundo la mbao kule pembeni.

"Kwani unayataka ya nini?" Emerensiana akauliza.

"Ya kuwatandikia simbilisi. Ninao wawili kwenye kizimba, na mmoja ana mimba. Nimesoma kwamba vumbi la mninga linawaumiza kifua. Na mbao zenye dawa ndiyo hatari kabisa. Haya hayana dawa?"

"Hayana," Emerensiana akajibu, na siku hiyo ilikuwa kweli. Akamfungia kidogo kwenye mfuko. Dada akatoa simu, akayapiga picha yale yaliyobaki sakafuni, akasema anaitwa Careen, amehamia Ruhuwiko mwezi wa pili huu, na Jumamosi atakuja kuchukua kiroba kizima.

"Unafanya kazi wapi, dada?" Mathias akauliza.

"Serikalini," Careen akajibu kwa lafudhi yake ya kaskazini, akaaga, akapanda bodaboda.

Wawili hao wakatazamana. Emerensiana alizaliwa milimani, kwa Wamatengo, na simbilisi aliwajua kabla hajajua kusoma. Ni kanyama kasiko na mkia, kadogo kuliko sungura, kanakoishi jikoni miguuni mwa watu, kanakula maganda ya viazi na kulala pale usingizi unapokakuta. Akija mgeni wa heshima, mmoja anaingia chunguni. Kumtandikia kitanda! Afadhali angesema anamnunulia viatu.

"Mama, umewahi kusikia simbilisi anatandikiwa?"

"Sijawahi tangu nizaliwe."

"Tena mjamzito!" Mathias akacheka, lakini kicheko hakikumfika machoni. "Huyo ni mtu wa idara ya misitu. Ameona maranda yanatosha kumwambia tunaranda nini. Picha umeona alivyopiga?"

Emerensiana aliona. Chini ya lile turubai kulikuwa na mninga uliotoka porini bila kugongwa nyundo ya serikali, alama ya mbao zenye kibali, na miezi mitatu nyuma fundi wa mtaa wa pili alikuwa amefungiwa karakana kwa mzigo kama huo. Hata mama aliyewachemshia chai alilala mahabusu siku mbili. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Lizaboni nzima ilikuwa imeumwa. Ndiyo maana kila jioni Emerensiana alikusanya kando maranda mekundu ya mninga, akayachoma kwenye shimo la nyuma, kisha akasimama mlangoni akaguliwe.

"Jikung'ute, mama," Mathias alimwambia jioni hiyo kama kawaida. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Akavua kilemba, akakikung'uta, akakung'uta na upindo wa kitenge. Misokoto miwili mitatu ya maranda ikaanguka, naye akaisukumia motoni kwa fagio.

Wiki hiyo hawakuranda paini safi hata ubao mmoja. Waliranda kenchi za paa la kanisa fulani, mbao zilizochovywa dawa ya mchwa, zenye ukijani kama mkate uliooza. Maranda yake Emerensiana aliyatenga mbali. Mwaka uliopita Pankrasi wa kuku alijichotea bila kuuliza, na kufika Ijumaa alikuwa amezika vifaranga arobaini.

"Mpe hayo," Mathias akasema Jumamosi asubuhi.

"Yana dawa, baba."

"Yatamuua nani? Huyo hana simbilisi, mama! Anayapeleka ofisini wakayaangalie. Wakute paini, waondoke zao. Ukimwambia hatuna kitu, atauliza wiki nzima mashine ilikuwa inaranda nini."

Emerensiana akayaanika juani mpaka ukijani ukafifia, akayajaza kwenye kiroba, na juu akamwagia konzi ya maranda meupe aliyoyakwangua nyuma ya kabati. Aliifanya kazi hiyo vizuri, kama anavyofanya kazi zake zote. Hilo ndilo lililomuudhi baadaye.

Careen akafika saa nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hayana dawa?"

"Hayana."

"Kweli, mama? Maana yule wangu amekaribia sana."

Emerensiana akaliangalia fagio lake. "Hayana."

"Mungu akubariki," Careen akasema, na kabla hajaondoka akatoa kwenye mkoba ule mfuko mdogo wa siku ya kwanza. Alikuwa ameufua na kuukunja mara nne. Emerensiana akabaki ameushika. Mpelelezi gani anafua mfuko? Akajiambia kwamba wajanja hawakosi mbinu, lakini mfuko ule alikwenda nao hadi misa ya Jumapili, ndani ya pochi yake, pamoja na rozari.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya serikali. Ofisi zimefungwa, na siku kama hizo ndizo Mathias alizozipenda kwa mninga. Asubuhi yote waliranda milango, sakafu ikawa nyekundu. Saa sita akamtuma Emerensiana sokoni kununua mboga ya chakula cha mchana.

Huko ndiko alikomwona. Careen alikuwa amechuchumaa chini ya meza ya wauza kabichi, anaokota majani ya nje yaliyotupwa. Emerensiana akarudi haraka nyuma ya mafungu ya dagaa, akijua sasa kwamba anafuatwa mpaka sokoni. Akachungulia. Careen hakuwa akimtafuta mtu. Aliinua jani, akalikata sehemu iliyooza kwa kucha, akalifuta kwa gauni lake mwenyewe, akaliweka kwenye kikapu, akaokota jingine. Hakujali wanaomcheka. Ndivyo mama yake Emerensiana alivyofanya kila siku ya gulio, kwa ajili ya wale wa jikoni, na hakuna mtu aliyelipwa na serikali ambaye angefundishwa kufanya vile.

Aibu ikampanda Emerensiana kutoka miguuni. Akatoka nyuma ya dagaa.

"Wanaendeleaje, mwanangu?"

"Mama! Shikamoo. Amejifungua leo alfajiri, watatu!" Kisha uso ukamshuka. "Lakini dume tangu jana hali. Amejikunyata, anakohoa. Nahangaika kumtafutia kitu laini."

"Watoe kwenye yale maranda."

"Kwa nini?"

"Watoe sasa hivi, wote. Waweke hata kwenye kanga yako. Unakaa wapi kule Ruhuwiko?"

Careen akamwelekeza, akikunja uso, na Emerensiana hakungoja maswali. Mboga hakununua. Karakana hakurudi. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake na kuchukua mto wake wa kulalia. Aliujaza mwenyewe kwa maranda ya paini tupu, membamba yasiyo na vumbi, akiyachagua moja moja kila paini safi ilipopita karakana. Hakuwa na kitu kingine kizuri kama hicho. Akajitwika mto kichwani na kushika njia ya Ruhuwiko.

Nyumba aliitambua kwa geti la bluu. Lilikuwa wazi. Uani kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba, kati ya shuka na taulo, sare ya kijani ya watu wa misitu ilining'inia, nembo begani, ikichuruzika maji.

Lisemwalo lipo. Mathias hakuwa amekosea.

Emerensiana alisimama pale getini na mto kichwani, na aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu amzike mumewe. Wiki ile ya msiba shemeji zake walichukua hadi masufuria, na aliyempa fagio na kazi alikuwa Mathias. Akiingia humu ataulizwa kwa nini alidanganya, na jibu la swali hilo lilikuwa chini ya turubai la bluu. Angeweza kugeuka. Hakuna aliyemwona. Ndani ya nyumba kitu kikakohoa, kikohozi kidogo sana, kama cha mtoto aliyeambiwa asikohoe kanisani.

"Hodi," Emerensiana akaita.

Kizimba kilikuwa sebuleni, kitupu. Jike na wanawe walikuwa kwenye boksi lenye kanga. Simbilisi huzaliwa na manyoya na macho wazi, na wale watatu, hata siku moja hawajamaliza duniani, walimkazia macho. Dume alikuwa kwenye beseni peke yake, manyoya yamesimama.

Emerensiana akakata mshono wa mto kwa meno. Akamwaga maranda meupe kwenye kizimba, akayatawanya kwa viganja mpaka pembeni, akamhamisha dume kwanza.

"Nilikudanganya," akasema bila kuinua uso. "Yale yana dawa ya mchwa. Kayafukie mbali. Usiyachome, moshi wake mbaya."

Careen akakaa chini taratibu. "Nilikuuliza mara mbili, mama."

"Uliniuliza."

"Sasa kwa nini?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Nilichanganya viroba, mwanangu, uzee. Ungetosha. Emerensiana akaumeza.

"Tulidhani huna simbilisi."

"Mlidhani sina simbilisi," Careen akarudia, polepole. Akageuka dirishani, akaitazama sare yake kwenye kamba, kisha akamrudia Emerensiana kwa uso ambao haukuwa wa mtu wa sokoni tena. Akanyoosha mkono kuelekea kichwani mwake. Emerensiana akafumba macho, akidhani anapigwa kofi, na akaona ni sawa.

Lakini vidole vilipita juu ya sikio na kuchomoa kitu kwenye mkunjo wa kilemba. Leo hakuna aliyemwambia ajikung'ute. Alipofumbua macho, Careen alikuwa ameushika msokoto mmoja wa maranda, mwekundu, ameuinua kwenye mwanga wa mlango. Akaupeleka puani, kama siku ile ya kwanza.

"Haya ni ya mti gani, mama?"

Kizimbani yule dume alisogea hatua moja, akaingiza pua kwenye maranda meupe, akapiga chafya, akaanza kujichimbia. Emerensiana akaufumbata mapajani ule mto mtupu na kuvuta pumzi ya kujibu.