Gari Lililonenepa

Umeme ulikatika, na lifti ya kuinulia magari ikabaki imelala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Fundi Pilipili, aliyepewa jina hilo kwa hasira zake, aliipiga teke, akaumia kidole, akazidi kuwaka.

"Leta jeki!" alimwambia mkewe, fundi mwenzake. "Gari la shangazi lazima limwagwe oili leo. Nikimchelewesha, hatanibakiza."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kutafuta kivuli apumzike."

Wakazuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, wakapokezana kupampu. Pilipili jasho likamtiririka mpaka kwenye nyusi.

"Gari hili limenenepa!"

"Wewe ndiye umezeeka, baba watoto."

Sehemu ya mbele ilipopanda, wakaiegemeza juu ya stendi za chuma. Pilipili haingii chini ya gari kabla ya kulitikisa, basi akalitikisa kwa nguvu zote.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Shangazi akatoa kichwa, macho yamejaa usingizi, akatazama jinsi gari lilivyoinuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe umeme umerudi!"

Mkewe akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Pilipili akaitazama mikono yake iliyokufa ganzi.

"Umerudi, shangazi," akasema kwa upole. "Shuka taratibu."